Biashara ya bangi Denver: sheria ndiyo inayochagua kampuni ipi ifunguliwe

Mkuu, umeuliza kama wewe na wenzako watatu mlioko Aurora, wote mkiwa na grini kadi na akiba ya dola 60,000, mnaweza kuingia kwenye biashara ya bangi Denver, na kipi bora kati ya duka na programu ya kompyuta.

Naanza na grini kadi, maana hapo ndipo watu wanapoumia bila kujua. Colorado, jimbo lenye Denver, imehalalisha bangi, lakini uraia unatolewa na serikali kuu ya Marekani, na sheria yake ya bangi ni nyingine. Aprili 2019 idara ya uhamiaji, USCIS, ilitoa mwongozo kwamba kufanya kazi kwenye biashara ya bangi, hata yenye leseni halali ya jimbo, kunaweza kukunyima uraia kwa kigezo cha tabia njema. Haijali kama ulikuwa meneja au mfungashaji. Mwaka huohuo wahamiaji wawili wa Denver walijitokeza hadharani na kisa hicho, na meya wa wakati huo, Michael Hancock, akaandika barua Washington kuwatetea. Kwa hiyo ambaye bado hajaapa uraia asiweke jina wala pesa kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji. Mwanasheria wa biashara hatoshi. Programu nayo isikupe imani ya haraka: kutogusa mmea hakukutoi moja kwa moja kwenye hatari hiyo.

Sasa biashara yenyewe. Watu wanadhani bangi ikihalalishwa, mlango unafunguka kwa kila mtu. Denver haikuwa hivyo. Sheria ya jimbo ya 2010 ililazimisha duka la bangi ya tiba lioteshe lenyewe asilimia 70 ya linachouza, maana yake ukitaka duka lazima uwe na ghala la kilimo. Mauzo kwa watu wazima yalipoanza tarehe 1 Januari 2014, walioruhusiwa kwanza ni hao hao wa tiba. Mwaka 2016 jiji likaweka kikomo cha idadi ya maduka na mashamba, hivyo mgeni akabaki kununua leseni ya mwingine. Juu ya hayo, miaka ya mwanzo mmiliki alitakiwa awe ameishi Colorado miaka 2.

Ndiyo maana mtaji wa nje ulikimbilia pembeni ya mmea: programu za stoo na mauzo, vifungashio, taa, ushauri. MJ Freeway, kampuni ya programu hizo, ilianzia Denver 2010, na Boulder pakaanzishwa CanopyBoulder, mpango wa kulea kampuni changa zisizogusa mmea. Hao wawekezaji hawakuwa na mapenzi na kompyuta kuliko kilimo. Sheria iliwazuia kumiliki shamba. Sheria ya Colorado ya HB 19-1090 ilipoanza kazi Novemba 2019 na kuruhusu kampuni za soko la hisa kumiliki leseni, pesa kubwa ikaanza kununua maduka yenyewe.

Sababu ya pili ya pesa kukimbilia pembeni ni kodi, na hii ipigie hesabu kabla hujasaini chochote. Kifungu cha 280E cha sheria ya kodi ya serikali kuu kinamzuia anayeuza dawa ya Jedwali la I au la II, yaani makundi ya dawa zinazodhibitiwa vikali ambamo bangi imekuwa ikihesabiwa, kupunguza gharama za uendeshaji kwenye mapato yanayotozwa kodi. Anapunguza gharama ya bidhaa tu. Chukua duka linalouza dola 1,000,000. Bidhaa 500,000, pango, mishahara na ulinzi 400,000. Faida halisi ni 100,000. Kodi ya asilimia 21 haitozwi hapo, inatozwa kwenye 500,000, yaani 105,000. Umefanya kazi mwaka mzima, umebaki na hasara ya 5,000. Kampuni ya programu haibanwi na kifungu hiki, mradi haiuzi mmea.

Programu nayo ina mtego wake. Jimbo lilichagua mfumo mmoja wa lazima, Metrc: mmea unavaa tagi, na kila gramu inafuatwa hadi kaunta. Ukitengeneza mfumo wa mauzo lazima uongee na Metrc, na takwimu zisipolingana anayeadhibiwa ni mteja wako mwenye leseni. Jengeni uwezo wa kuendelea kuuza hata mtandao ukikatika na kupeleka taarifa baadaye. Januari 2017 MJ Freeway ilidukuliwa na maduka ya majimbo mengi yakabaki yanaandika mauzo kwa karatasi, mengine yakafunga kwa muda. Hakikisheni pia nakala za data zinakaa mbali na mfumo unaofanya kazi.

Mkishikilia duka, mnahitaji leseni mbili, ya jimbo na ya jiji, na eneo ndilo linaloua maombi mengi. Pimeni futi 1,000 kutoka shule kabla ya kulipa pango. Mwulizeni mwenye jengo kama ana mkopo wa benki, kwa sababu mikataba mingi ya mikopo inakataza shughuli inayovunja sheria ya serikali kuu. Pango linaanza kuliwa leo, leseni inakuja baada ya miezi. Kwa 60,000 sioni mkifika.

Kuna leseni ambazo Denver ilizitenga 2021 kwa waliodhurika na vita vya serikali dhidi ya dawa za kulevya, na mwenye sifa lazima amiliki angalau asilimia 51. Mtakutana na matajiri wanaotafuta jina la kuweka mbele. Someni kipengele cha mkopo: kama mkichelewa kulipa hisa zinahamia kwa tajiri, hiyo 51 ni ya karatasi tu.

Na soko limeshuka. Colorado iliuza zaidi ya dola bilioni 2.2 mwaka 2021, na kufikia 2023 ilikuwa kama bilioni 1.5, kwani majimbo jirani kama New Mexico yalifungua maduka yao na bei ya jumla ikaporomoka. Mkiandika mpango wenu, msitumie takwimu za 2021.