Barua kwa mwanangu: adapta haigeuzi umeme

Mwanangu,

Marahaba, shikamoo yako nimeipata pamoja na zile picha mbili. Umeuliza ukinunua adapta hapo Dar, draya yako na pasi ya nywele vitafanya kazi Toronto au vitaungua, maana mwenzako chuoni kakwambia adapta inatosha. Mwambie haitoshi. Adapta inabadilisha miguu ya plagi tu, umeme unaopita ni uleule wa ukutani, na Kanada ukutani ni volti 120, sio 230 kama huu wetu wa Tanesco.

Picha ya draya nimeikuza nikasoma, pale karibu na mpini pameandikwa 220-240V 2000W. Basi hiyo ni ya huku huku. Ukiichomeka kule haitalipuka usiogope, ila itapuliza kama bibi anayepoza uji, maana volti zikishuka nusu nguvu haishuki nusu bwana, inashuka mpaka kama robo, kwaiyo zile wati 2000 unabaki na mia tano na kitu, na nywele zako zilivyojaa utakaa hapo mpaka kipindi kiishe. Muachie mdogo wako. Transfoma za kupandisha volti, za kubeba wati 2000, zipo lakini zina uzito, itakula kilo za begi lako na hela yake unapata draya mpya kulekule. Na vile vigeuza umeme vidogo vyepesi wanavyouzia wasafiri, mimi sivipendi, vingi vinafaa kitu cha koili tupu tu, yaani ule waya wa ndani unaopata moto, ukichomekea pasi yenye saketi na kioo cha namba za joto unaweza kuiua.

Pasi yenyewe picha yako ina ukungu sijaona kitu. Iangalie mwenyewe, kwenye mwili wake au kwenye waya karibu na plagi. Ukikuta 100-240V 50/60Hz beba bila wasiwasi, inajipanga yenyewe, hapo ndo adapta inatosha, ya miguu miwili bapa. Ukikuta 220-240V peke yake iache. Kuna nyingine zina kiswichi kidogo cha kuzungusha na sarafu, 125 na 250, hicho unakigeuza kabla hujachomeka, na ukirudi nyumbani ukisahau kukirudisha 250 ndo utanikuta nakusubiri na bisibisi.

Maana balaa kubwa liko kwenye kurudi, sio kwenye kwenda. Kitu cha volti 120 ukikichomeka hapa Tanga kinavuta nguvu karibu mara nne ya ile kiliyotengenezewa, koili inawaka nyekundu, harufu, moshi, kwisha. Hapa Ngamiani watu wananiletea hizo draya za Marekani zimeandikwa wati 1875 (soketi zao za kawaida ni ampea 15, ndo maana unaikuta namba hiyo kila mahali) wanasema fundi imegoma tu, ukifungua ndani plastiki imeyeyuka imegandia feni. Kwaiyo shangazi yako akikwambia umletee draya, mletee losheni.

Hizo siku utakazolala London kwa mama yako mdogo hutahitaji adapta, plagi zao ni hizi hizi zetu za miguu mitatu bapa na umeme ni 230. Ila bafuni kwao kuna kisoketi kidogo cha mashine ya kunyolea ndevu, usijaribu kulazimisha pasi pale, chumbani soketi zimejaa. Toronto ni tofauti, soketi utaikuta karibu na sinki, ina vitufe viwili vimeandikwa TEST na RESET. Umeme ukivuja hata kidogo inajikata. Ikijikata ukabonyeza RESET ikajikata tena, acha, chomoa, mwite mtu wa jengo. Na hata kama ipo usijiachie, draya iliyozimwa lakini bado imechomekwa ikidondoka kwenye maji ina umeme mle ndani, kuzima swichi hakutoshi, chomoa plagi na mikono ikiwa mikavu.

Kingine, mama yako kakumbusha, ile tabia yako ya kupaka mafuta ya nazi afu unapitisha pasi ya moto hapohapo. Inatoa moshi. Hosteli za huko juu kwenye dari kuna kengele ya moshi, ikilia jengo zima mnatoka nje, na wewe unafika mwezi wa kwanza, baridi yake wanasema haina adabu. Nywele zikauke kwanza, pasi ilale juu ya sahani au kigae, sio kitandani, na waya usiuzungushie pasi ikiwa bado ya moto, unakatika kwa ndani pale shingoni halafu shoti.

Mama yako anasema haya yote ya nini, uje wikiendi akusuke twende kilioni, uondoke nazo kichwani, draya utanunua ukishatulia. Mimi sina ubishi naye. Ila picha ya pasi nitumie tena, ya mchana, usiwashe flashi.

Baba