Maswali ya Wasomaji: Mawimbi Mawili Yanapozidishwa

Katika toleo lililopita tulieleza jinsi osileta (kifaa kinachozalisha wimbi la umeme), kichujio na kikuza sauti vinavyounganishwa kwa waya katika sinthesaiza ya moduli, yaani ala ya kielektroniki iliyoundwa kwa vipande vinavyojitegemea. Barua nyingi zilizofuata zimeuliza kuhusu modulesheni ya amplitudi na modulesheni ya pete. Tumechagua tano na kuzifupisha.

*Mhariri, pokea salamu zangu. Darasani tulifundishwa kwamba modulesheni ya amplitudi, yaani AM, ndiyo inayobebesha sauti kwenye mawimbi ya redio. Rafiki yangu mwenye sinthesaiza anashikilia kwamba modulesheni ya pete ni AM ileile, ila imeongezwa nguvu. Je, ni kweli?*
Mwanafunzi wa fizikia, Maseno

Rafiki yako amekaribia, lakini tofauti haiko katika nguvu. Katika njia zote mbili volti ya wimbi moja huzidishwa kwa volti ya wimbi jingine, papo kwa papo. Wimbi la kwanza tuliite bebaji, na la pili tuliite badilishi. Swali la kuuliza ni kama wimbi badilishi linaruhusiwa kushuka chini ya sifuri. Katika AM huongezewa kwanza volti tuli inayotosha kuliinua lote juu ya sifuri, na kwa hiyo wimbi bebaji hukua na kusinyaa bila kupinduka. Katika modulesheni ya pete nyongeza hiyo haipo: kila mara wimbi badilishi linapovuka sifuri na kuingia upande wa hasi, wimbi bebaji hupinduliwa juu chini, na kupinduliwa huko kwa zamu sawa ndiko kunakolifuta kabisa katika sauti inayotoka.

Chukua wimbi bebaji la 500 Hz (mitetemo 500 kwa sekunde) na wimbi badilishi la 120 Hz, yote mawili yakiwa mawimbi ya saini (kwa Kiingereza sine), yaani mawimbi sahili yasiyo na hamoniki, zile sauti za juu zinazoambatana na noti ya msingi. Moduli ya pete itatoa tofauti na jumla yake tu, yaani 380 Hz na 620 Hz. Zile 500 na 120 ulizoingiza hutazisikia tena. AM itatoa 380, 500 na 620. Modulesheni ikiwa ya kina cha asilimia 100, kila moja kati ya masafa hayo mawili ya kando huwa na nusu ya amplitudi ya wimbi bebaji, yaani desibeli 6 chini yake. Kina kikiwa asilimia 50, hubaki robo, desibeli 12 chini. Ndiyo maana AM huiacha noti yako itambulike, ilhali pete huiondoa na kuweka nyingine mbili mahali pake.

Mwendo nao una uzito wake. Wimbi badilishi likiwa la 6 Hz, sikio husikia mtetemo wa sauti moja, ingawa masafa ya kando yapo tayari kwenye 494 na 506. Yamekaribiana mno kutenganishwa. Ukiongeza mwendo taratibu kupita 20 au 30 Hz, mtetemo hugeuka ukwaruzo, na ukwaruzo hatimaye hugawanyika kuwa sauti zinazosikika kila moja peke yake. Hakuna mpaka mkali hapo, na ni afadhali uzungushe nobu kwa mkono wako kuliko kuamini takwimu yangu. Utagundua pia kwamba pete ya 6 Hz hupiga mara 12 kwa sekunde, kwa kuwa upande wa hasi wa wimbi hutoa kilele sawasawa na upande wa chanya.

Kuhusu redio, kituo cha 1,000 kHz kinachorusha mlio wa 4 kHz huchukua nafasi kuanzia 996 hadi 1,004, na wimbi bebaji huachwa humo makusudi ili redio ya bei nafuu iweze kuitoa sauti kwa diodi moja tu. Wahandisi wa simu walitaka kinyume chake, kwa sababu wimbi bebaji hula umeme bila kubeba habari yoyote. Mwaka 1934 Frank Cowan, mhandisi wa simu wa Marekani, alibuni sakiti ya diodi nne zilizoungwa kama pete kati ya transfoma mbili, na wanamuziki waliichukua kutoka huko.

*Mhariri, nilirekodi nyatiti ya mzee mmoja wa Siaya, nikaipitisha kwenye moduli ya pete pamoja na osileta ya 137 Hz. Kilichotoka ni kama masufuria yanayoporomoka kutoka rafuni. Nifanye nini ili upya wa sauti uwepo na wimbo usipotee?*
Mtayarishaji wa muziki, Kondele, Kisumu

Ndugu mtayarishaji, moduli yako imefanya ulivyoiamuru. Kamba ya nyatiti haitoi wimbi la saini. Hutoa noti yake ya msingi pamoja na hamoniki nyingi. Tuseme kamba moja inatoa 200, 400 na 600 Hz. Ukizidisha kwa 137, unapata 63 na 337, kisha 263 na 537, kisha 463 na 737. Hakuna msingi wa maana unaoziunganisha namba hizo, na sikio likikosa msingi husikia chuma. Nyatiti ina kamba nane, na kila kamba imekuletea orodha yake ya namna hiyo.

Usichague masafa ya osileta kwa kubahatisha. Yachague kutoka ndani ya wimbo. Tafuta kamba ambayo wimbo unairudia na kutulia juu yake, kisha uilinganishe osileta nayo. Ikiwa kamba hiyo ni ya 200 Hz na osileta ni ya 200 Hz, msingi wake utatoa 400 na sifuri, ambayo si sauti bali ni volti tuli, na hamoniki ya 400 itatoa 200 na 600, kwa hiyo noti yenyewe hurudi kwa mlango wa nyuma. Kamba ya 300 Hz itatoa 100 na 500 kutokana na msingi wake, yaani besi iliyo oktavu moja chini ya kamba kuu. Kamba ya 250 itatoa 50 na 450, oktavu mbili chini, na 450 ni 50 mara tisa. Kamba zenye uwiano sahili na ile kuu hutulia, na zisizo nao hukwaruza, na ukwaruzo huo unaoongezeka wimbo unapokwenda mbali na kupungua unaporudi ni mali kubwa kwa mtunzi. Mtunzi Stockhausen wa Ujerumani aliujengea kazi nzima mwaka 1970, piano mbili zikizidishwa kwa mawimbi ya saini.

Tahadhari moja: mpigaji wa nyatiti hufunga kamba zake kulingana na sauti yake mwenyewe, si kulingana na piano. Programu ya simu inayokuambia noti iliyo karibu zaidi itakudanganya kidogo, na hapa kidogo ni kingi. Osileta ikisimama kwenye 201 badala ya 200, jumla ya msingi itakuwa 401, na hamoniki ya 600 itakupa 399. Mbili hizo zitapigana na utasikia sauti ikivimba mara mbili kwa sekunde. Piga kamba kuu peke yake, zungusha nobu polepole mpaka uvimbe huo ukome, nawe umefika.

Kuna jambo ambalo barua yako haikulitaja. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kugonga nayo mti wa ala, na mara nyingi njuga za gara humlia mguuni. Milio hiyo haina noti ya kulinganishwa na osileta yoyote, na ikizidishwa huwa vurugu tupu. Nashuku nusu ya masufuria yako yametoka huko. Ikiwa ulirekodi kwa maikrofoni moja, gawanya sauti njia mbili: moja iende safi hadi kwenye mikseri, nyingine ipite kwenye kichujio kinachokata sauti za juu kabla ya kuingia katika moduli. Safari nyingine, bandika maikrofoni ndogo ya mguso kwenye daraja la kamba, nawe utapata kamba bila mguu.

Kwa maoni yangu, ikiwa mzee anaimba majina ya watu na nasaba zao, acha pete na utumie AM, kwa kuwa AM huibakiza ala. Lakini angalia nani anambeba nani: nyatiti iingie kwenye tundu la sauti la kikuza sauti kinachoongozwa kwa volti, yaani VCA, na osileta iingie kwenye tundu la kuongoza. Ukizigeuza, kitakachobaki ni osileta, nayo itavuma chini ya wimbo mzima.

*Mhariri, moduli yangu ya pete hunung'unika hata nisipopiga chochote. Osileta iko kwenye 400 Hz. Nimebadilisha waya zote. Je, niifungue, au imekufa?*
Fundi wa elektroniki, Lanet, Nakuru

Kabla ya kuchukua bisibisi, fundi, sikiliza unachosikia ni noti gani. Ikiwa ni 400 yenyewe, basi wimbi bebaji linavuja kwa sababu pande mbili za sakiti hazilingani, aidha kwa diodi au transista zisizofanana, au kwa kirekebishi cha ndani, yaani skrubu ndogo ya kusawazisha sakiti, kilichosogea. Iache moduli ipate joto lake la kawaida, acha tundu la pili bila kitu, kisha ukizungushe kirekebishi hicho mpaka mnong'ono uwe mdogo kabisa. Hautakwisha wote, hata katika moduli ghali.

Ikiwa unasikia 350 na 450, hakuna kinachovuja. Mvumo wa umeme wetu wa 50 Hz umeingia kwenye tundu la pili, na moduli inauzidisha kwa uaminifu. Ukisikia 300 na 500, ni mvumo wa 100 Hz, ambao kwa kawaida hutoka kwenye pawasaplai baada ya umeme kunyooshwa kwa diodi. Hapo kirekebishi hakitakusaidia. Kagua waya wa ardhi, kapasita za pawasaplai, na mahali ilipolazwa transfoma. Katika hali zote mbili, weka VCA baada ya moduli na uifungue kwa envelopu, yaani volti inayopanda na kushuka pamoja na noti unayopiga, ili usipopiga kuwe kimya.

Jambo jingine ambalo mafundi hulidhania kuwa ubovu ni sauti ndogo. Moduli nyingi za siku hizi hazina diodi bali hutumia chipu ya kuzidisha kama AD633, ambayo huzidisha volti mbili na kugawanya jibu kwa 10. Volti 5 kwa volti 5 hutoa volti 2.5, na isipokuzwa baadaye itasikika hafifu ingawa chipu ni nzima.

*Mhariri mpendwa, nataka sauti ya sinthesaiza itetemeke pamoja na ngoma za isukuti. Nimeunganisha osileta ya mwendo wa polepole kwenye VCA, lakini sauti hukatika kabisa nusu ya muda badala ya kupanda na kushuka.*
Mwalimu wa muziki, Kakamega

Mwalimu, osileta yako inatoa volti kutoka hasi 5 hadi chanya 5, na VCA ya kawaida hujifunga kwenye sifuri na kubaki imefungwa kwa volti zote za hasi. Nusu ya wimbi lako inagonga mlango uliofungwa. Punguza osileta iwe nusu, kisha uiongezee volti tuli ya 2.5 ili ifanye kazi kati ya 0 na 5. Kama huna moduli ya volti tuli, nobu ya kiwango cha kuanzia iliyopo kwenye VCA nyingi hufanya kazi hiyohiyo.

Nisingetumia osileta hata hivyo. Wapigaji wa isukuti huongeza kasi wachezaji wanapochemka, na osileta haiwaoni. Ichukue ngoma kubwa pekee, uipitishe kwenye moduli inayofuatilia ukubwa wa sauti na kuugeuza volti, na volti hiyo ndiyo iiongoze VCA.

*Mhariri, vifaa mnavyovitaja siwezi kuvinunua. Nina kompyuta ya kawaida. Je, naweza kujifunza haya kwa programu?*
Msomaji, Bungoma

Unaweza, tena vizuri. VCV Rack, iliyotolewa mwaka 2017, ina toleo la bure linalofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ndani yake utapata osileta, VCA na moduli za pete zinazounganishwa kwa waya za kuchorwa kwenye skrini.

Kasoro moja ni ya kompyuta yenyewe. Ikihesabu sauti kwa sampuli, yaani vipimo vya wimbi, 44,100 kwa sekunde, haiwezi kuwakilisha masafa yanayozidi 22,050 Hz, na kuzidisha hutengeneza majumla makubwa upesi. Sauti ya 15,000 Hz ikizidishwa kwa ya 12,000 inapaswa kutoa 27,000. Kompyuta itaikunja na kukupa 17,100, mlio ambao hukuuomba. Chuja sauti za juu kabla hazijaingia, au pandisha sampuli hadi 96,000 ikiwa mashine yako inastahimili.

Kwa zoezi la kwanza, tumia osileta mbili za saini, moja ikiwa na masafa mara mbili ya nyingine, kwa mfano 400 na 200, na upeleke volti ya kinanda kwa zote mbili. Pete itatoa 200 na 600, na uwiano huo utadumu kila noti utakayobonyeza, kwa sababu osileta zote hupanda oktavu moja kwa kila volti moja. Kisha chomoa waya wa kinanda kutoka osileta moja, urudie noti zilezile, na usikilize kila moja ikija na sura yake.