Posho za Vikao, Impresti na Risiti: Mliuliza, Tunajibu

SWALI: Salaam mhariri. Mimi ni MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti) kipindi cha kwanza, kaunti moja ya Magharibi. Kamati yetu ilikuwa na warsha ya siku tano Mombasa na impresti, yaani pesa ya safari inayotolewa mapema na kutolewa hesabu baadaye, tulipewa kabla hatujatoka. Siku ya tatu jioni nikapigiwa simu mtoto amelazwa, nikarudi usiku huo huo. Sasa karani ananiletea rejista nisaini na zile siku mbili ambazo sikuwepo, eti faili lisipotimia tutasumbuliwa wote, na wenzangu wanasema saini tu mheshimiwa hayo ni mambo ya kawaida. Pesa nilishatumia hospitali. Nisaini?
Mama wa wadi, Magharibi

JIBU: Usisaini, mama. Pole sana kwa mtoto na Mungu amjalie afya, lakini hiyo kalamu iweke chini. Posho ya safari si mshahara wala si zawadi ya kuitwa mheshimiwa, ni pesa ya kula na kulala kwa siku ambayo kweli umekula na kulala huko kwa kazi ya wananchi. Siku ya nne na ya tano ulikuwa na mtoto wako, na hakuna mtu mwenye utu atakulaumu kwa hilo, lakini pesa ya siku hizo bado ni ya kaunti. Saa hii una deni dogo tu la kulipa. Ukisaini linageuka kuwa uongo wa maandishi, na sahihi itakuwa yako wewe, si ya hao wanaokuambia saini tu.

Kanuni za fedha za umma za serikali za kaunti za 2015 zinasema impresti ya safari ifungwe ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurudi. Kwa hivyo jaza fomu ya kurudisha impresti, ambatisha barua ya mwaliko, tiketi ya kwenda na ya kurudi, onyesha siku tatu basi, na baki ulipe kwenye akaunti ya bunge la kaunti halafu usitoke pale bila risiti rasmi. Kama kwa sasa huna, andikia karani wa bunge leo leo, mweleze uliondoka tarehe gani na kwa nini, uombe wakukate kwa mshahara, na nakala iliyopigwa muhuri ubaki nayo wewe. Ukinyamaza hadi siku 7 zipite wanatakiwa wakukate tu, tena na riba, na impresti nyingine hupewi kabla hujafunga hii.

Na usidhani haitaonekana. Mkaguzi hasomi rejista peke yake, anaiweka kando ya tiketi yako ya kurudi na bili ya hoteli inayoonyesha chumba kilirudishwa lini. Kuna rejista unaiangalia, siku mbili za mwisho majina yote wino mmoja, sahihi zimeelekea upande mmoja, unajua kabisa mtu alikaa mezani akazimaliza kwa mkupuo. Hiyo haihitaji mtaalamu.

SWALI: Niko uhasibu. Kuna mheshimiwa ameleta madai ya teksi za wiki nne tofauti, lakini risiti ni za kitabu kimoja na nambari zinafuatana, 0341 mpaka 0344, mwandiko ni mmoja. Bosi anasema nipitishe. Mimi niko kwa kandarasi na nina familia. Nifanyeje?
Karani, kaunti nisitaje

JIBU: Ndugu yangu, umeona vizuri. Mwenye teksi hiyo wiki nne nzima hakuandikia abiria mwingine hata mmoja? Lakini kazi yako si kumwita mtu mwizi, kazi yako ni kuuliza kwa maandishi. Rudisha faili na mstari mmoja tu: “Nambari za risiti zinafuatana kwa safari za wiki tofauti, naomba maelezo.” Weka tarehe, saini. Omba ujumbe wa M-Pesa wa malipo, au risiti ya eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya ushuru KRA, yenye ule msimbo wa QR ambao unaweza kuuskani kwa simu. Bosi akisisitiza, mwambie kwa heshima aandike mwenyewe kwenye faili kwamba ilipwe, kwa sababu Katiba kifungu cha 226(5) kinasema ofisa anayeelekeza au kuidhinisha pesa za umma zitumike kinyume cha sheria atalipa hasara hiyo yeye mwenyewe, awe bado kazini au ameshatoka. Wakubwa wengi ukiwaomba waandike, wanakumbuka kwamba hawana haraka. Ikishindikana kabisa, EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, wanapokea ripoti bila jina lako.

Tafadhali tu usiwabane watu pasipo sababu. Posho ya siku imewekwa kiwango, haidai risiti ya ugali na samaki, inadai ushahidi kwamba mtu alienda na akafanya kazi. Risiti ni za vitu anavyodai alilipa kutoka mfukoni, teksi, mafuta, kuchapisha karatasi. Nimeona makarani wanachanganya haya mawili hadi MCA mwaminifu anatafuta risiti ya kununua ili tu faili lipite, na hiyo inaumiza.

SWALI: MCA wote wakikubaliana kujiongezea posho, kuna wa kuwazuia?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Yupo. Viwango vinawekwa na Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, kwa kifungu cha 230 cha Katiba, kura ya bunge haitoshi. Hata wabunge wa kitaifa walijaribu, wakajilipa shilingi 250,000 kwa mwezi za nyumba bila SRC, na Desemba 2020 Mahakama Kuu ikasema ni kinyume cha sheria na ikaamuru zirudishwe.

SWALI: Mimi ni mzee wa mtaa tu. Barabara yetu mvua ikinyesha haipitiki, na MCA wetu kila wiki yuko Naivasha ama Mombasa. Naweza kujua amelipwa ngapi, ama hiyo ni siri yao?
Mzee, Machakos

JIBU: Si siri, mzee wetu. Anza na ripoti za Msimamizi wa Bajeti, zinatoka kila robo mwaka na ziko kwenye tovuti yake, mwambie kijana wa hapo nyumbani akufungulie. Tafuta kaunti yako, utaona bunge limetumia ngapi kwa safari za ndani na za nje, na posho za vikao vya kamati wamezigawa hadi wastani wa kila MCA kwa mwezi.

Ukitaka ya MCA wako hasa, andikia karani wa bunge la kaunti barua. Sheria ya kupata habari ya 2016 inakubali Kiswahili, haikulazimishi useme sababu, na kutuma ombi ni bure, labda ulipe tu gharama ya kutoa nakala. Usiandike “nataka kujua pesa zote”, watakuzungusha. Andika jina la kamati, miezi gani, na unachotaka: tarehe za safari, mahali, kiasi alicholipwa, na ripoti ya safari. Hiyo ripoti isikose, hapo ndipo utajua kama Naivasha kulizungumzwa barabara yenu ama la. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Zikiisha kimya, beba nakala ya barua yako uende ofisi ya Ombudsman, tume inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma, wao ndio wenye mamlaka ya kuamuru upewe.