Nataka kumpa Mungu vyote, mume wangu anasema nimechanganyikiwa

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, naishi Pasua, Moshi. Nashona sare za shule karibu na soko la Mbuyuni, nina cherehani mbili na ovaloki. Nimekulia usharikani, nikabatizwa na kupata kipaimara, lakini mwaka jana kwenye mkutano wa injili ndipo nilipookoka kweli. Tangu hapo nina kiu ya kumkabidhi Mungu maisha yangu yote. Mtumishi anayetuongoza kwenye maombi ametangaza mwezi wa sadaka ya kujimaliza. Nataka kuuza mashine zote na nyumba yetu ya vyumba viwili, tukapange, nami nimtumikie Mungu muda wote. Mume wangu amekataa, anasema nimechanganyikiwa. Mtumishi anasema Ibrahimu hakumuuliza Sara. Vicoba nadaiwa laki saba, mume hajui, na wadhamini wangu ni wawili, mmoja anauza ndizi hapo hapo Mbuyuni. Lakini hilo si tatizo, Mungu atafungua mlango. Nimtii nani?*

*Mama wa Wawili, Pasua*

Marahaba, mwanangu. Bwana asifiwe.

Hujachanganyikiwa. Mtu anaweza kukaa kwenye benchi la kanisa miaka thelathini, akasimama na kuketi pamoja na wengine, kisha jioni moja uwanjani neno likamchoma kana kwamba ndiyo kwanza analisikia. Nimeliona kwa wengi, limenipata na mimi. Hiyo kiu ilinde. Mtu yeyote asikufanye uione aibu, hata baba watoto.

Lakini sentensi niliyoipigia mstari katika barua yako ni ile ya laki saba. Umesema hilo si tatizo. Mwanangu, hilo ndilo ningeanza nalo.

Vicoba unavijua kuliko mimi. Mkopo una mdhamini, na usipolipa, siku ya kugawana wanakatwa wadhamini. Sasa fikiri: umeuza ovaloki, umepeleka fedha madhabahuni, deni limebaki. Aliyetoa sadaka hapo si wewe. Ni yule mama wa ndizi, naye hakuulizwa. Ametoa hisa zake za mwaka mzima, pengine ada ya mwanawe, bila kujua kwamba yuko kwenye mwezi wa kujimaliza.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimewahi kulifanya. Mwanangu wa kwanza akiwa kidato cha pili, nilitoa ada yake yote ya muhula kwenye mkutano, nikarudi nyumbani naimba. Alirudishwa kutoka shule, akakaa wiki tatu kwa bibi yake Marangu akikata majani ya ng'ombe. Hakunilaumu. Alikuwa mtu mzima aliponiuliza: "Mama, siku ile ulimpa Mungu kilicho chako au kilicho changu?" Nililia mbele yake, nikamwomba msamaha.

Bibi zetu waliopitia uamsho wangekuelewa haraka. Ule moto uliwaka Rwanda miaka ya 1930, ukaingia Uganda, ukashuka mpaka huku kwetu Tanganyika, na watu walitambuliwa wameokoka kwa jambo moja la wazi: walirudisha. Mtu alibeba jembe aliloiba akalipeleka kwa mwenyewe mchana, watu wakiona. Mwingine alikwenda kulipa deni ambalo mdai alishalisahau. Waliita kutembea nuruni. Hata Zakayo, alipompokea Bwana nyumbani kwake, hakuishia kuwapa maskini nusu ya mali. Wale aliowadhulumu aliahidi kuwarudishia mara nne.

Kuhusu Sara, ni kweli Mwanzo 22 haimtaji. Ila Ibrahimu alisikia mwenyewe. Hakuja mtu kumwambia, "Mtoe Isaka, uniletee mimi." Na mwisho wake kisu kilizuiwa, kijana akabaki hai. Simfahamu mtumishi wenu na simhukumu. Lakini anayekuambia usimshirikishe mumeo katika kuuza nyumba anakuingiza pabaya hata kwa serikali: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo nyumba tuiache hapo.

Sasa hilo neno lenyewe, kujimaliza. Naelewa utamu wake. Unatoa vyote siku moja, unashuka madhabahuni mwepesi, umemaliza. Kesho yake je? Paulo anawaambia Warumi watoe miili yao iwe dhabihu iliyo hai, na kilicho hai huamka asubuhi kikatolewa upya. Huyo Paulo ni fundi mwenzako. Matendo 18 inasema alishona mahema pale Korintho, akiishi na Akila na Prisila kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja. Sindano haikumzuia kuwa mtume.

Kwa hiyo ninapokuambia mkabidhi Mungu cherehani, namaanisha uibakize mezani iwe yake. Mzazi uliyemwambia njoo Jumamosi, aikute sare Jumamosi, asizungushwe njoo kesho, njoo keshokutwa, mpaka shule zinafunguliwa mtoto hana shati. Kitambaa kilichobaki, mrudishie aliyekileta. Kama kuna binti anayekupigia pasi na kutia vifungo, alipwe siku uliyomwahidi. Mtoto wa jirani ambaye hana wa kumshonea, mshonee moja kila Januari bila kumtangaza. Ukifanya hivyo mwaka mzima utaona kwamba ni kugumu kuliko kuuza mashine kwa dalali mara moja, na utapiga magoti usiku kwa sababu huwezi bila yeye. Hapo ndipo ninapoona maisha yote yanatolewa.

Na kama moyo bado unataka kuacha kila kitu ufuate, soma Marko 5. Yule mtu aliyetolewa pepo wengi alimsihi Yesu apande naye chomboni. Yesu alikataa. Alimrudisha nyumbani kwa jamaa zake akawaeleze alivyorehemiwa. Wako wanaoitwa waondoke kabisa, siwezi kukana. Wito wa namna hiyo haupotei ukipimwa, basi upime na mchungaji wako wa usharika, mume akiwepo.

Leo usiku watoto wakilala, mwambie baba watoto habari ya laki saba. Usianze na Biblia, anza na deni: ulichukua lini, fedha zilikwenda wapi, umebakiza ngapi. Atakasirika, na ana haki. Mwache aseme yote, usimjibu kwa maombi ya sauti kubwa. Kisha siku ya kikao cha vicoba nenda mapema, uwaone wadhamini wako kabla mwenyekiti hajafungua. Waambie ukweli na uwaombe muda mpaka msimu wa sare uishe, utakapolipa kwa awamu. Kama ulikuwa umeshaongea na mtu kuhusu ovaloki, mpigie umwambie haiuzwi.