Jibu: Wauguzi wanaambiwa wajiamulie, lakini bado hawaridhiki

Dada, umeuliza kwa nini wauguzi wa wodi yako hapo Kisumu bado wananung'unika ilhali uliwaambia wajiamulie mambo. Naona wamepewa wajibu bila nyenzo. Rosabeth Moss Kanter, msomi wa Marekani wa masuala ya kazi na uongozi, alieleza mwaka 1977 kwamba mtu hupata nguvu kazini akiwa na habari, msaada, vifaa na nafasi ya kukua. Muuguzi wa usiku anayeambiwa aamue, huku ufunguo wa stoo umeenda nyumbani na msimamizi, hana la kuamua, na hilo linaumiza kuliko kukatazwa.

Anza na ratiba ya zamu. Bandika karatasi tupu wiki 3 kabla ya mwezi kuanza, ikionyesha idadi ya chini ya wauguzi kwa kila zamu. Wajaze wenyewe kwa siku 7, wewe uzibe mapengo tu. Hapa ndipo huharibika: wa kwanza kujaza hunyakua wikendi zote. Kwa hiyo zungusha anayeanza kila mwezi, na wanaobadilishana zamu watie sahihi wote wawili. Ufunguo wa stoo ukabidhiwe wakati wa ripoti ya kupokezana zamu, pamoja na hesabu ya glavu na dripu.

Malalamiko ya mshahara kuchelewa ni mengine kabisa. Hayo yapeleke kaunti kwa maandishi.