Homa ya Siku ya Kumi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Jinja aliniandikia kwamba alikuwa amepata dripu ya pili ya kemo, yaani dawa kali za saratani, kinywa kimejaa vidonda na mwili unachemka, lakini hakutaka kuwasumbua wauguzi kabla ya tarehe yake ya kliniki. Nilimpigia simu papo hapo na kumsihi aende hospitali siku ileile, kwa maana hayo aliyoyaandika niliyasema mimi miaka minne iliyopita, nusura yanizike.

Nilikulia Bombo, katika nyumba ya askari, ambamo kulalamika kwa maumivu kulihesabiwa kuwa utovu wa nidhamu. Nilipoanza kutibiwa saratani ya matiti katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago, nilijiapiza kwamba hakuna atakayeniona nikilegea. Nilipewa doksorubisini na saiklofosfamidi kila baada ya siku 21. Wauguzi walinionya kwamba doksorubisini, ile dawa nyekundu, ingebadilisha rangi ya mkojo, kwa hiyo sikuogopa. Nywele zilipong'oka nilifunga kitambaa nikaendelea na duka langu.

Siku ya kumi baada ya dripu ya pili nikashikwa na baridi kali usiku. Asubuhi nilikwenda zahanati ya jirani, wakanipima malaria, hawakuiona, wakanipa parasetamoli na kuniambia nivumilie. Hakuna aliyeniuliza ninatumia dawa gani, nami kwa kiburi changu sikusema. Neno hilo la kuvumilia linaniuma hadi leo. Parasetamoli ilishusha joto, maambukizi yakaendelea kuenea, na jioni ya siku ya pili dada yangu alinikuta sakafuni, siwezi hata kumwitikia. Nililazwa siku tisa nikiwekewa antibiotiki kwenye mshipa, na dripu ya tatu ikaahirishwa.

Daktari alinieleza baadaye kwamba kemo huangusha chembechembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, na kwamba aghalabu hushuka kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Katika siku hizo, joto la nyuzi 38 ni dharura hata kama unajiona mzima. Nunua kipimajoto kabla ya kununua kitu kingine chochote, na popote uendapo taja kwanza kwamba unapata kemo.

Mengine niliyajifunza polepole. Vidonda vya kinywa nilivisukutua mara kadhaa kwa siku kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo na magadi ya kuokea, na vidonge vya kichefuchefu nilivimeza kwa saa niliyoagizwa, bila kusubiri tumbo lichafuke. Maumivu yaliponizidi nilipewa morfini ya maji, nikalia nikidhani ndiyo dawa ya wanaokata roho. Haikuwa hivyo: ilinirudishia usingizi, nami nikaamka nikiwa na nguvu za kuendelea na matibabu. Hospice Africa Uganda imekuwa ikiwahudumia wagonjwa kwa dawa hiyo tangu 1993, na nchini mwetu mgonjwa hailipii. Hufunga choo, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza.

Ninyi mlio kwenye matibabu, nawasihi, semeni. Mwambieni muuguzi kuhusu ganzi ya vidole, choo kigumu, hata miti shamba mnayoletewa na shangazi usiku, kwa kuwa baadhi yake huvuruga dawa. Mzee mmoja aliyekuwa kitanda cha jirani alikuwa akirudia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nikigeuzia uso ukutani ili nisimsikie.

Dada wa Jinja alilazwa jioni ileile. Alhamisi alinipigia kwa sauti dhaifu, joto limeshuka, akiuliza anywe nini na kinywa bado kinamwuma. Nilimwambia apike uji mwepesi wa mtama, aupoze vizuri, na asitie limau.