Ubao mama wa kompyuta ya kasi, kimya na ya kudumu

Ndugu yangu, umeuliza ubao mama (motherboard, bodi kuu inayounganisha sehemu zote) wa kompyuta utakayoiongezea kasi kupita ya kiwandani, ikae kimya chumbani mwako Kampala na idumu miaka mingi. Anza na chipuseti, yaani chipu za bodi zinazoamua bodi inaruhusu nini, maana hapo ndipo wengi hupoteza pesa. Kwa Intel, prosesa (chipu kuu, ubongo wa kompyuta) yenye herufi K huhitaji bodi ya chipuseti ya Z, kama Z790, ili uiongezee kasi; B760 haitakufaa. Kwa prosesa za AMD, B650 inatosha, A620 iache. Mimi ningechukua B650, kwa sababu soketi yake ya AM5 (tundu la kuchomekea prosesa) itakuruhusu kubadili prosesa baadaye bila kununua bodi nyingine.

Kisha tazama sehemu inayogawa umeme kando ya prosesa: iwe na vipande vinene vya alumini vya kupoza. Ikichemka, feni hupiga kelele na kapasita (vihifadhi umeme vidogo vya bodi) huchakaa mapema. Taa za rangi hazisaidii lolote. Feni ziwe za pini 4, uzipunguze mwendo kwenye BIOS (programu ya mipangilio iliyo ndani ya bodi).

Na tafadhali, usisahau umeme wetu. Niliwahi kupoteza bodi nzuri umeme uliporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Nunua UPS (betri inayolisha kompyuta umeme ukikatika) kwanza, hata kama bodi itangoja mwezi mmoja.